Nusu Kilo

Aliniambia nitembee kama mlevi, Asajile,
yule bwana shamba kijana mwenye buti za njano:
usifuate tuta, mama, kata kushoto, kata kulia,
kila hatua thelathini chimba shibiri moja,
kwangua ukuta wa shimo, tia ndooni.
Ndoo ya plastiki. Ya bati husema uongo.

Nikachimba mara kumi na tano.
Ukungu wa Ilembo ulikuwa haujanyanyuka.
Ng'ambo ya ua viazi vya Enesi vimeshatoa maua;
vyetu vimekunja majani
kama masikio ya mbuzi mgonjwa.

Palipokuwa zizi, akasema, ruka.
Chini ya mparachichi, ruka. Kwenye kichuguu.
Kwenye msingi wa nyumba yetu ya kwanza.
Unapomwaga jivu, ruka,
patakudanganya kwa uzuri wake.
Nikacheka peke yangu:
kila tulipoishi, mume wangu, ni pa kuruka.
Kinachopimwa ni pale tulipopita na jembe tu,
tumeinama, tuna haraka, hatuongei.

Wahenga walisema tuuwahi udongo ungali maji.
Uyole wanautaka mkavu.
Siku tatu kivulini, juu ya gazeti,
kisha nusu kilo katika mfuko wa sukari,
jina kwa penseli, maana wino hulia ukilowa.
Niliupakata njia nzima
kama mtoto aliyelala.

Binti wa maabara akauchekecha, akauloweka,
akatumbukiza kijiti cha kioo chenye waya.
Tarakimu zikahangaika kidogo, zikatulia.
Nne nukta sita.
Nikauliza kama ni nyingi.
Udongo wako mchachu, mama, akasema.
Fosforasi imo, ila imeshikwa,
ghala limejaa na funguo zimepotea;
unamwaga mbolea, mmea unalala njaa.
Na yurea nayo, mwaka hadi mwaka, huzidisha uchachu.

Miaka tisa, Asajile.
Miaka tisa ya mifuko ya mkopo,
tunawasha moto kwa mikono yetu
huku tukimtafuta mwenye kiberiti.

Karatasi ina safu ya naitrojeni,
ya potashi, ya kalsiamu,
chini yake: chokaa, tani moja na nusu kwa eka.
Nimeitafuta safu ya Enesi Nzunda.
Haimo.

Ulimwona mwenyewe, alfajiri, kabla ya kupanda,
anapita matutani na ungo
akitawanya kitu cha kijivu.
Ulirudi ukashika mlango kwa mikono miwili:
anatuvuta shamba, huyu.
Tangu siku hiyo hatukuitikia salamu yake.
Tulipokuzika alisimama barabarani, nje ya ua,
ameshika bakuli limefunikwa kitambaa,
nami nikawakataza watoto kulipokea.
Hilo sikupata kukuambia.

Leo nimekwenda.
Alikuwa anapeta maharage, hakuinuka.
Sikujua pa kuanzia, nikaanza na tarakimu,
nne nukta sita, nikamsomea karatasi yote
hadi muhuri,
kama shahidi anayeogopa kunyamaza.
Nikafika kwenye chokaa, sauti ikakwama.

Jivu, akasema.
La tanuri la matofali la kaka yangu.
Mngeuliza.

Maganda yakapeperuka, yakaniangukia miguuni.
Jogoo wake akapita kati yetu, akarudi.
Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, Asajile,
hayakutoka hata moja,
na yeye hakuniambia kaa,
wala hakuniambia ondoka.

Akaupiga ungo mara mbili, akaokota kijiwe, akakitupa.
Kisha, bila kuniangalia:
Hicho kipimo chao,
wanatoza shilingi ngapi?