Silabi Tatu

Jumatatu alikuja mama mmoja wa Vingunguti,
Mama Sikudhani, khanga imekazwa kiunoni,
akaiweka simu juu ya kioo cha meza yangu
taratibu, kama anayeweka yai.
"Ya mwanangu. Leo siku ya tisa hajarudi.
Humu ndani yumo mtu anayejua alikokwenda."

Mtaa wa Aggrey, ghorofa ya kwanza,
chumba futi sita kwa nane, feni moja, bisibisi kumi na moja.
Nimefufua simu zilizotumbukia chooni,
zilizokanyagwa na bajaji, zilizotafunwa na watoto.
Hii ilikuwa nzima. Haina hata mkwaruzo.
Iliomba tarakimu sita tu.

Tulijaribu mwaka aliozaliwa.
Tulijaribu siku aliyozikwa baba yake.
Mama akabonyeza mwenyewe, akakosea, akasema samahani.
Aliiambia simu samahani.
Ikaandika: subiri saa moja.
Nikamwambia, mama, siwezi.
Akanitazama kama mimi ndiye niliyemficha.

Alhamisi, baada ya adhuhuri, akaingia Afande Ndimbo,
hana sare, ila viatu vilimtaja tangu ngazini.
Simu ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki,
ile mifuko iliyopigwa marufuku.
"Fungua, fundi. Kuna watoto wanauzwa mji huu.
Humo mna majina.
Asiye na la kuficha anaogopa nini?"
Sikuuliza ni ya nani.
Ikawaka yenyewe, ujumbe ukapita juu ya kioo:
*Dada, ripoti umeshatuma? Kula basi.*

Nikasema, afande, siwezi.
Na ilikuwa kweli, kweli ileile ya Jumatatu,
neno lilelile, silabi tatu,
ila Jumatatu lilinikwama kooni kama mwiba wa samaki
na Alhamisi lilishuka kama maji ya mtungini.

Siri ya mtungi aijuaye kata, tumeambiwa.
Hatukuambiwa siku kata ikikamatwa.
Wala siku mtungini akiwamo mwana wa mtu.

Usiku, Tandika, umeme umekatika,
nikaifungua yangu kwa kidole gumba:
picha ya cheti cha hospitali, cha mke wangu,
deni la Mangi, laki na arobaini,
sauti ya marehemu baba, sekunde kumi na nne,
akiuliza kama nimekula,
na kitu kimoja ambacho hata hapa sikitaji.
Hakuna jinai humo. Ni uchi tu.
Mtu hafungi mlango wa bafu kwa kuwa ameiba sabuni.

Lakini yule mama.

Ungekuwepo ufunguo mmoja wa simu zote,
za Masaki na za Mbagala,
ningempa. Wallahi ningempa, palepale, bila risiti.
Na ikifika jioni, uko mkononi mwa nani?

Ijumaa amerudi na ile simu,
na kipande cha karatasi kilichofungiwa vitumbua,
mafuta yameilainisha kalamu:
namba sita alizoziota usiku.
Tumejaribu.
Sasa inasema saa tatu.
Nimemsogezea kiti. Feni inazunguka.
Tumekaa, hakuna anayesema,
tunaitazama inavyohesabu.