Kitalu

Baba Mihayo, anayekuandikia si mwalimu.
Ni mimi, Kalunde, mpika uji wa hapa shuleni,
yule uliyegombana naye mwaka juzi kwa ajili ya mbuzi.
Ya mbuzi tuyaache.
Nataka tuzungumze tumbaku.

Nilikuona Septemba, Urambo yote ikiwa vumbi,
umeinama juu ya kitalu kama mtu anayesoma.
Mbegu zako, laini kuliko ugoro,
ulizichanganya na maji ndani ya keni,
ukanyunyiza, ukatandaza nyasi juu,
asubuhi maji, jioni maji,
na kisima kiko mwendo wa nusu saa.
Sikukusikia ukiuambia mche,
"Wenzako kwa jirani wameshaota, wewe una nini?"

Kisha, na hapa nilikuvulia kofia, nami sina kofia,
miche ilipofika urefu wa kidole
hukuondoa nyasi zote siku moja.
Leo kidogo. Kesho kutwa kidogo tena.
Maji ukayapunguza, lakini ukawa unapita,
unapita tu, mikono nyuma,
kuangalia upi umesinyaa.

Mihayo ana miaka kumi na minne.
Sauti ilimvunjika Krismasi,
na nyasi zake zikaondolewa zote usiku mmoja:
"Wewe sasa mwanaume, kalale banini."
Siku ya nne leo anachochea kuni,
anasoma kipimajoto badala ya kitabu,
na saa nne asubuhi, kwenye foleni ya uji,
amelala amesimama, kikombe mkononi.
Punda hulala hivyo. Mtoto sijawahi kuona.

Nilimgusa bega. Akashtuka:
"Moto haujazimika, baba."
Mimi, baba!
Wenzake wakacheka. Mimi nikamwongezea uji,
maana sikujua kingine cha kuongeza.

Sisemi asifanye kazi. Wangu walichuma majani
hadi utomvu ukawaganda viganjani.
Mmoja alitapika usiku kucha, nikasema ni malaria.
Yuko Mpanda sasa. Hapigi simu.
Kwa hiyo usidhani nakuandikia nikiwa nimekaa pa juu.

Nasema tu: pita.
Pita darasani kwake siku moja, hata usiseme kitu.
Muulize mechi ya juzi walifungwa ngapi.
Mwambie neno moja lisilo na kuni ndani yake.

*

Chini, kwa kalamu nyingine:

Jana jioni nilipita njia ya kwako na ndoo yangu,
barua hii nimeifunga kwenye pindo la kitenge.
Mlangoni mwa bani kulikuwa na mtu amechuchumaa,
mgongo mpana, si wa mtoto.
Nyumbani kwako taa imezimwa mapema.

Sikubisha hodi.
Mbuzi wangu, ukimwona tena shambani,
mfunge tu. Nitamfuata mwenyewe.