Injini Iliyooshwa

Uliifungua boneti wewe mwenyewe, Fundi Lali,
ukarudi nyuma hatua mbili
kama mtu aliyemwonyesha mgeni chumba.
Injini iling'aa.
Nikajua.

Kilomita laki tatu na elfu kumi na nane,
vumbi la Garsen, mchanga wa Marereni,
halafu injini ing'ae kama sinia la walima?
"Aoshaye injini kabla ya kuuza,"
ulinambia miaka kumi na miwili iliyopita,
mimi nikiwa chini ya pikapu, oili ikinidondokea shavuni,
"hauzi gari, Baya. Anauza sabuni."

Mwalimu Nyevu alisimama ubavuni mwa ukuta,
mkoba kaukumbatia kwa mikono miwili.
Humo mna pesa za chama, wanawake kumi na wanne wa Ganda,
zamu yake imefika mwezi huu,
na mna shilingi mia tano zangu, za kukagua.

Sikukuuliza kitu. Nilianza ulivyonianzisha:
kiganja juu ya rejeta kwanza,
kama kumpima mtoto homa.
Baridi. Vyema. Kifuniko: robo, kisha robo tena.
Ndani, maji rangi ya Sabaki ikifurika,
si kijani, si waridi,
kulanti haijapita humu tangu sijui lini.
Nikachovya kidole. Nikanusa.

Manjano.

Manjano, Fundi! Ya mchuzi wa changu.
Kijiko kimoja, au viwili, injini ikawashwa,
unga ukazunguka ukitafuta tundu
mpaka ukalipata, ukalala papo hapo.
"Itafika Mambrui," ulizoea kusema, ukicheka,
"kurudi ni shauri la Mungu."

Nikashusha tochi kwenye paipu ya chini.
Penye kibano, ukoko mweupe.
Ungeweza kuniambia ni chumvi, tuko Malindi,
hata bawaba za msikiti zina chumvi.
Lakini chumvi ya bahari hukaa kila mahali,
na hii ilikaa mahali pamoja.

"Kizuri chajiuza, Mwalimu," ukasema.
Ukaishia hapo.
Zamani uliponituma pekupeku dukani kwa Mhindi
kuleta gasketi, ulimalizia: "kibaya chajitembeza!"
na gereji nzima ikanicheka, Baya wao,
na mimi nikacheka.
Safari hii hapakuwa na wa kucheka.
Kompresa haipo. Jeki kubwa haipo.
Kijana wa rangi naye hayupo,
kuna kuku tu, wanaparua pale palipokuwa na benchi.

Nikatandika katoni la unga chini ya injini.
Kiyoyozi nikakizima,
maana maji yake yamewasingizia wengi.
Tukawasha. Tukangoja.
Mshale wa joto ukapanda, ukafika nusu,
ukasita, ukapita.
Wewe ulitazama barabarani.
Mimi nilitazama katoni.

Tone.

Kisha muda mrefu hakuna.
Kisha la pili, lisilo na haraka, la njano,
kama limetumwa na mtu.

Nikamwambia Mwalimu yaliyokuwepo:
pampu ya maji, paipu, rejeta ifunguliwe isafishwe,
elfu kumi na nne, labda kumi na sita.
Kichwa cha injini siwezi kukiapia.
Yeye hakunitazama mimi, aliinamia lile katoni
kama anasahihisha insha.
"Na manjano," akauliza, "aliyeyatia ni nani?"

Kuku waliparua.
"Mimi," ukasema.

Akatikisa kichwa, akaenda kando na simu yake
kumpigia mweka hazina.

Nawe ukachutama, goti likalia,
ukaliokota katoni, ukaligeuza kwenye mwanga.
"Dakika ngapi, Baya?"
"Kumi na saba."
Ukayafuta matone kwa kidole gumba,
polepole, moja, kisha la pili.
"Manjano ya siku hizi," ukasema,
"wanayachanganya na unga wa mahindi."