Dereva wa Lori la Kahawa

Julai ishirini na tano. Moshi ina baridi ya kukunja vidole.
Pale kwenye mzunguko askari wa sanamu ameshika bunduki yake,
njiwa amemkalia kofia,
nami kwenye foleni nina swali la kitoto:
mbona hakuna sanamu iliyoshika usukani?

Babu yangu Ndekirwa hakufyatua hata risasi moja.
Alikuwa dereva wa ushirika, Leyland ya kijani,
magunia ya kahawa kutoka Marangu hadi kiwandani,
mpaka Novemba ile ya sabini na nane
ofisa alipogonga bodi kwa kiganja:
"Hili linakwenda Kagera. Na wewe pia."
Ndizi zilikuwa jikoni. Bibi alizisubirisha hadi zikapoa,
asubuhi akampa ng'ombe.

Kwenda, alibeba mabomu. Kurudi, alibeba watu.
Bodi lilikuwa bado linanuka kahawa,
na majeruhi mmoja akasema afadhali, kunanuka nyumbani.
Huyo alikuwa Aloyce, mtoto wa Mkuu, Rombo,
umri wa ndevu tatu,
tumbo limefungwa kwa shati la mtu mwingine.

Mvua. Tope. Taa zimezimwa kwa amri.
Na kutoka nyuma, kwenye kidirisha kisicho na kioo:
"Mzee, tumefika?"
"Karibu."
"Mzee, tumefika?"
"Karibu."
(Babu hakuwa mzee. Alikuwa na miaka thelathini na moja.)
"Tumefika?"
"Karibu, mdogo wangu, karibu,"
kisha njia ikawa ndefu, kwa sababu hakuna tena aliyeuliza.

Alirudi kahawa ikiwa imeiva, wachumaji hawatoshi.
Nishani hakupata: jina lake halikuwa la jeshi,
lilikuwa kwenye daftari la ushirika, safu ya safari za nje.
Aliliosha lori kwa maji ya mfereji, siku tatu,
akalirudisha, akasaini.

Sisi wajukuu tulijua jambo moja tu:
babu hamkaribishi mtu.
Ukipiga hodi atasema, "Pita."
Atasema, "Ingia, kaa hapo, kata ya mbege hiyo."
Mchungaji alichukia. Waliokuja kumposa shangazi
walisimama uani kama wadai kodi.
Majirani wakasema, ana kiburi cha kihamba kikubwa.

Tulipomaliza matanga yake ndipo bibi akasema,
huku anapepeta maharage, bila kuinua macho:
ilipita miaka minne, kisha siku moja babu yako
alivunja jani la sale nyuma ya nyumba,
akalifunga fundo, akapanda basi la Rombo.

Wewe wa mlimani unajua: aliyeletewa sale hawezi kukataa,
hata iwe ni damu.
Ndiyo maana alichelewa.
Kumwomba mtu kwa sale ni kumnyang'anya hasira yake,
na yule mama hakuwa amebakiwa na kitu kingine.

Akaulizia, akaonyeshwa nyumba yenye bati jipya upande mmoja.
Maneno aliyoyapanga tangu Himo
yalimkimbia mlangoni.
Mama akalitazama jani. Akaitazama mikono iliyolishika.
Hakuuliza jina.
Akasema, "Karibu."

Babu alikaa palepale kizingitini
akalia mpaka ng'ombe wakakamuliwa.

Huko nyuma wananipigia honi. Mzunguko haungoji mtu.
Kwenye kiti cha abiria nina jani la sale,
nimelivunja alfajiri juu ya kaburi lake,
kichwani nikidhani nitaliweka hapa, miguuni pa askari wa saruji.
Njiwa ameruka. Askari hajageuka.
Nakata kona, nashika barabara ya Himo.

Sijui kama ile nyumba ingalipo,
wala ni nani atakayeitikia hodi.
Nikiulizwa ninatoka kwa nani
nitasema: kwa dereva.