Saba kwa Mshale, Moja kwa Ndege

Bi Ghaniya aliniletea ndani ya boksi la maziwa ya unga,
minyororo imening'inia nje kama utumbo.
"Wewe watengeneza meno ya watu," akasema,
"hii nayo ina meno. Itazame."

Kweli ina meno.
Magurudumu ya shaba, mawili yamelika,
na vumbi la Wadi Kabir limegandana na mafuta
hata likawa ugali mweusi.
Marehemu Harub aliinunua Ujerumani
mwaka kampuni ya mafuta ilipompeleka kusomea valvu.
Ikapiga miaka thelathini, ukutani, juu ya friji,
mpaka mjukuu alipofanya mnyororo pembea.

Nimeishughulikia usiku, maabara ikishafungwa,
kwa koleo na brashi zangu za meno bandia.
Ina viriba viwili vya karatasi, kimoja kimepasuka:
ndiyo maana ndege alikuwa akisema nusu,
*ku*,
kisha upepo mtupu, kama mtu aliyekatikiwa simu.
Nikakivika ngozi laini ya mbuzi.
Mdomo wake ulivunjika; nikamchongea mwingine
kwa ile plastiki ya waridi tunayofanyia ufizi.
Sasa kila akitoka ni kama anacheka.

Vile vizito vya chuma, makoko ya msonobari,
mti ambao Bi Ghaniya hajaukalia kivuli chake,
nimevifunga gazetini.
Mutrah nikapata dalla mbili ndogo, za pambo,
nikazijaza risasi za mshipi
hadi sonara jirani yangu, kwa mizani yake ya dhahabu,
akasema: basi, zimelingana.

Akaja asubuhi kuiona.
Mshale mfupi ukagusa saba,
kidirisha kikafunguka, ndege akaita mara saba.
"Mwongo," akasema Bi Ghaniya.
"Miaka thelathini ananidanganya ndani ya nyumba yangu.
Hii si saa moja? Nilimwambia Harub, akacheka."

Sikubisha.
Mtambo nikauacha na hesabu yake,
mshale mfupi nikaulegeza, nikausogeza nusu duara.
Mshale wabaki nao wajukuu, kwa basi la shule.
Ndege ni wake:
mshale kwenye saba, yeye anaita moja, ananyamaza,
na hakuna aliyesema uongo.

Watoto wanampigia makofi: Kuku! Kuku!
"Kuku gani asiyetaga," anawajibu.
"Huyo dudumizi. Kwetu Wete alikuwa akiita, mvua inakuja."
Wakachungulia nje.
Jua, viyoyozi, mlima mkavu.

Jana akanipigia simu.
Nyuma ya sauti yake nikamsikia ndege akihesabu kumi na mbili;
alipofika ya tisa, adhana ya magharibi ikaanza,
naye akaendelea tu, kumi, kumi na moja.

"Wamsikia? Hana adabu," akasema Bi Ghaniya.
"Njoo umtengeneze na hiyo."