Kungoja Mwisho

Ghala la Newala, korosho zimeshapimwa.
Somoe amekalia gunia, daftari gotini,
Kiholanzi cha mtihani wa viza.

Willen, yaani kutaka, hakitaki te:
ik wil komen, nataka kuja, basi.
Kujaribu hakiendi bila te,
na te yenyewe haimgusi mtu,
imesimama kando kama mkwe mgeni.

Ku yetu imeganda. Ninakula, imo.
Sili, imetoka mbio.

Anaandika: ik zit te wachten.
Nimekaa kungoja.
Anafuta. Nimekaa kukungoja.
Ku ya kwanza ni ya kitenzi,
ya pili ni wewe, Chilumba.

Kitabu kinamsahihisha: op je te wachten.
Wewe mbele, te katikati, kungoja mwisho.

"Kungoja mwisho," anarudia,
na sindano ya gunia
imekwisha uzi.