Picha Niliyoifuta

Nyuso mia sita na kumi na mbili
zilikaa ndani ya kitu
kisichozidi ukucha wa kidole gumba.

Ilikuwa safari ya mwisho ya behewa la waya
juu ya mto mweusi kwa vumbi la manganizi.
Natela Gogoladze, mwendeshaji kwa miaka arobaini na mmoja,
alivaa koti la samawati
lenye kifungo kimoja kisichofanana na wenzake.
Wachimbaji wastaafu walipanda na chupa za divai,
watoto walibandika pua kwenye vioo,
nami nikapiga, nikapiga,
kama mlaji wa karamu
asiyejua kwamba sahani huondolewa.

Jioni, jikoni kwangu, taa nyekundu ikipepesa bado,
nikaichomoa kadi.
Simu ilikuwa inaita. Mkate ulikuwa unaungua.
Sina sababu nyingine.

Majuto ni mjukuu, husema watu.
Wangu hakungoja nizae kwanza:
alifika baada ya dakika nne,
kwa maandishi meupe kwenye kioo.
Kadi haisomeki. Je, ungependa kuifomati?

Je, ungependa.
Adabu iliyoje ya mashine!
Kama mchimba kaburi anayebisha hodi
kuuliza udongo aumwage upande upi.

Nikaipuliza. Nikaisugua kwa shati.
Nikaitia kwenye kamera ya Zaza, jirani yangu,
aliyeapa kuwa yake ilipona ndani ya friza.
Nikaiweka kwenye friza, kati ya nyama na njegere.
Usiniulize.

Siku ya tisa Natela akafariki,
usingizini, soksi miguuni.
Binti yake Lamara akanipigia:
tunataka moja tu, ya kuweka juu ya jeneza.
Nikamwambia zinaandaliwa.
Neno hilo nikalitafuna saa nne nzima
kwenye basi dogo la kwenda Tbilisi,
na halikulainika.

Fundi Otari, kijana wa glavu na chumba kisicho na dirisha,
hakuahidi kitu.
"Kadi haijasahau," alisema.
"Imepotewa na faharasa.
Kurasa zimo humo humo. Zile zisizoungua."

Wakamzika na picha ya pasipoti.

Zikarudi bila majina, bila tarehe.
Nusu ya kofia.
Paji la uso, kisha kijivu hadi chini.
Mtoto aliyekatwa na mstari wa zambarau,
miguu yake imehamia chini ya koti la mzee.
Mikono imeinua bilauri
na hakuna midomo ya kuzipokea.

Na moja nzima.

Niliijua. Niliifuta mwenyewe asubuhi ile ile,
kwa kidole gumba, bila kufikiri mara mbili:
Natela, mkono kwenye wenzo, kidevu juu,
amefumba macho,
kope zimebanana kama za mtu anayeramba ndimu.
Mbovu, nilisema. Nikapiga nyingine.

Nikampelekea Lamara, na radhi nimezipanga mdomoni.
Hakuzisikiliza.
Alicheka, halafu akatafuta kiti.
"Kila waya uliposhtuka kuondoka, alifumba hivi.
Mama aliogopa kimo. Miaka arobaini na mmoja!
Hakuna abiria aliyejua,
wote walikuwa wakitazama bondeni."

Alinilipa fedha yote. Nilikataa, akaitia mfukoni mwangu
pamoja na mbegu za alizeti.

Kadi ninayo bado, kwenye bakuli la funguo.
Mara moja moja huichomeka,
nayo huniuliza kwa adabu ile ile.
Hapana, hujibu,
kisha naketi, mikono mapajani,
mpaka taa nyekundu izime yenyewe.